Boti ya Maboya Mawili: Mambo ya Kupima Kabla ya Kutoa Akiba



Somo la leo ni juu ya akiba na namna ya kuitumia. Wenzetu wengi wa mashamba ya chai ya upande wa Fort Portal, na wale wa mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, wanaishi karibu na maji. Siku ya mapumziko ikifika, mtu hutamani kupata kitoweo kwa mkono wake badala ya kukinunua. Na siku hizi, kwa kutazama picha katika simu, wengi wameona boti ndogo ya kujaza upepo, ya mtu mmoja, yenye maboya mawili na kiti katikati. Wanauliza: je, hii si nafuu kuliko mtumbwi wa mbao? Nikichukua mkopo wa chama cha kuweka na kukopa nikaagiza moja, nitakuwa nimefanya vema?

Sisi wa Kamati ya Elimu tunajibu kwamba yategemea maji utakayoitia, na yategemea kama umepima au umetazama picha tu. Fedha inayonunua boti hiyo ni jasho la miezi mingi, na kwa wengine ni kiinua mgongo cha miaka ishirini ya kuchuma majani. Tena anayepanda chombo kisichomfaa hapotezi fedha peke yake. Kwa hiyo somo hili lisomwe tawini taratibu, na mwenye utepe wa kupimia aje nao.

CHOMBO CHENYEWE

Wenzetu wa Tanzania hutumia neno pantoni kwa kivuko kikubwa cha kuvusha magari na watu. Chombo tunachokizungumzia ni kama kitoto cha pantoni hiyo. Ni maboya mawili marefu yaliyojazwa upepo, kila moja kiasi cha futi 7 hadi 9, yaliyounganishwa kwa fremu ya chuma au alumini. Juu ya fremu kuna kiti, pembeni kuna makasia mawili, na mbele kuna mahali pa kuwekea miguu. Upepo ukitolewa, chombo chote hukunjwa na kubebwa kwenye baiskeli au pikipiki. Uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo 25 na 35.

Kanuni yake si ngeni kwetu. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi na Kongo, hufunga mitumbwi pamoja kwa miti, wakatandaza wavu wa kuinua kati yake, na kuvua dagaa usiku kwa taa. Vitu viwili vinavyoelea, vikiwekwa mbali kidogo na kufungwa imara, havipinduki upesi kama kimoja.

Lakini yafaa tujue boti hii ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Imeenea zaidi Marekani na Canada, kwa watu wanaovua kwa fimbo na mshipi katika maziwa madogo na mito isiyo na nguvu. Ni chombo cha mtu anayevua samaki wachache siku ya mapumziko. Hakikutengenezwa kubeba nyavu, wala kulala ziwani, wala kumpatia mtu riziki ya kila siku. Mwenye nia ya kuacha kazi ya shamba na kuwa mvuvi wa biashara asiinunue. Aende mwaloni akaulize bei ya mtumbwi wa mbao na leseni yake, hayo ni mambo ya somo jingine.

MAJI KWANZA, BOTI BAADAYE

Watu wengi huanza kwa kuchagua boti, kisha hutafuta pa kuitia. Sisi tunashauri uanze na maji.

Maji yanayofaa boti hii ni madogo, yaliyotulia, ambayo ng'ambo yake unaiona na unaweza kuifikia kwa makasia ikiwa upepo utakupeleka huko. Mabwawa ya mashamba ni ya namna hiyo. Kadhalika, kusini mwa Fort Portal kuna maziwa mengi madogo yaliyokaa ndani ya kasoko za volkano, kama Nkuruba, Nyabikere na Nyinambuga. Kuta za kasoko hukinga upepo, na maji huwa shwari kwa muda mrefu wa asubuhi. Lakini maziwa haya yana hila yake: kingo ni za mteremko mkali, na hatua chache tu kutoka ukingoni hakuna mahali pa kukanyaga. Mtu aliyezoea bwawa la shamba, ambalo maji hufika kifuani, asidhani kwamba kasoko ni bwawa kubwa. Tena si kila ziwa ni la kila mtu. Mengine yana kamati za kijiji, mengine yako katika hifadhi. Muulize ofisa wa uvuvi wa wilaya kabla ya kununua.

Maji yasiyofaa ni Ziwa Victoria. Tunajua wenzetu wa Jinja na Kakira hawatapenda kusikia hivyo, maana wanaliona kila siku. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na dhoruba yake hutokea ghafla, mawimbi yakainuka kabla ya mtu kukunja mshipi. Boti ya maboya hukaa juu ya maji kama jani, na upepo huisukuma kuliko unavyousukuma mtumbwi uliozama nusu. Mtu mmoja mwenye makasia mafupi hawezi kushindana na upepo wa ziwani unaomtoa nje. Pamoja na hayo kuna sheria. Katika operesheni iliyoanza Uganda mwaka 2017, mashua za uvuvi zilizokuwa fupi kuliko futi 28 zilikamatwa katika Ziwa Victoria na nyingi zikachomwa moto. Boti tunayoisema ni ya futi 9. Mwenye akili atajumlisha mwenyewe.

Mto Nile nao tunauweka kando. Kuanzia Jinja kwenda chini kuna mabwawa ya umeme, na maji yakifunguliwa mto hubadilika kimo na nguvu. Kuna maporomoko, na sehemu nyingi zina viboko na mamba. (Tunasema mamba mwenye meno na mkia, si samaki ambaye ndugu zetu Waganda humwita mamba na Waswahili humwita kamongo. Huyo karibu sana!) Boya la upepo halina ubishi na jino la kiboko.

Jambo moja zaidi juu ya maji. Mvuvi wa boti hii hukaa miguu ikining'inia, na mara nyingi inaloa. Katika maji yetu mengi mna konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, ambavyo huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Huko Marekani boti ilikotoka hawana habari hiyo, kwa hiyo hutaiona katika karatasi ya maelezo. Muulize mhudumu wa kituo cha afya kama maji hayo yana kichocho, inua miguu juu ya fremu, vaa viatu vya mpira virefu ukiwa pembeni pa kuingilia tu na uvivue kabla ya kwenda kina kirefu, maana vikijaa maji ni mzigo. Ukiona dalili, kapime. Dawa yake, prazikwanteli, ipo.

HESABU YA MABOYA

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na tunaomba kila mtu achukue kalamu.

Kitu kinachoelea hubebwa na maji kinayoyasukuma kando. Boya likizama lita 100, maji hubeba kilo 100. Basi ukijua boya lina lita ngapi, unajua litabeba nini, hata kama karatasi ya muuzaji imepotea au inasema uongo.

Tuchukue boya lenye urefu wa mita 2.7. Ncha zake mbili zimechongoka, kwa hiyo tunatoa nusu mita na kuhesabu mita 2.2. Zungusha utepe katikati ya boya lililojazwa upate mzingo. Tuseme ni sentimita 126. Gawa kwa 3.14, unapata upana wa sentimita 40. Nusu ya upana ni sentimita 20, yaani mita 0.2. Zidisha 0.2 kwa 0.2, kisha kwa 3.14, kisha kwa urefu wa 2.2. Jibu ni 0.276, yaani lita 276. Maboya mawili ni lita 552.

Je, boti itabeba kilo 552? Ndiyo, lakini ikiwa imezama yote, na wewe umekaa ndani ya maji. Chombo salama ni kile ambacho sehemu kubwa yake iko juu. Kanuni tunayoshauri ni kuchukua theluthi moja. Theluthi ya 552 ni kilo 184, na ndani ya hizo hesabu kila kitu, hata boti yenyewe.

Sasa tupakie. Mwenye boti kilo 70. Boti kilo 32. Nanga ya jiwe na kamba kilo 5. Jaketi, nguo na viatu vilivyoloa kilo 5. Chakula na maji ya kunywa kilo 3. Fimbo, ndoana na kikapu kilo 3. Samaki, tukiomba Mungu, kilo 10. Jumla kilo 128. Bado kuna nafasi ya kilo 56, na hiyo nafasi ndiyo usalama wako. Usiitumie kumpakia mtoto aliyetaka kuja. Boti ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja.

Tuchukue boya la pili, la bei ya chini, lenye urefu uleule lakini upana wa sentimita 30. Kwa macho, sentimita kumi si kitu, na katika picha ya simu huwezi kuziona kabisa. Fanya hesabu: 0.15 mara 0.15, mara 3.14, mara 2.2. Ni lita 155, na mawili ni lita 311. Theluthi yake ni kilo 104. Mtu yule yule wa kilo 70, akiwa na boti nyepesi ya kilo 25, amekwisha kufika 95 kabla hajachukua jaketi wala ndoana. Upana umepungua kwa robo, lakini uwezo wa kubeba umepungua karibu nusu. Hii ndiyo sababu tunasema upana wa boya ni jambo la kwanza la kuuliza, na rangi ni la mwisho. Muuzaji asiyejua upana wa maboya yake, mwambie apime mbele yako. Akikataa, toka dukani.

Uliza pia kila boya lina vyumba vingapi vya hewa. Boya la chumba kimoja likipasuka, boti hulala ubavu mara moja na kukumwaga, ingawa boya la pili lingetosha kukubeba. Lenye vyumba viwili hulegea upande mmoja nawe unapata muda wa kurudi ukingoni. Nyingi za bei nafuu zina chumba kimoja kwa kila boya. Hatusemi zisinunuliwe kamwe, twasema mwenye nazo asiende mbali kuliko anavyoweza kuogelea akiwa na jaketi.

TAIRI NA TYUBU

Boya la bei nafuu limetengenezwa kama gurudumu la baiskeli. Nje kuna gamba gumu, kwa kawaida kitambaa cha nailoni kilichopakwa plastiki, na chini pameongezwa PVC nzito ya kustahimili mikwaruzo. Ndani kuna mpira unaoshika upepo, na gamba hufungwa kwa zipu. Boti za bei ya juu hazina mpira wa ndani. Kitambaa chenyewe ni kinene na mishono yake imeunganishwa kwa moto, hivyo huchukua upepo mwingi zaidi na kudumu miaka mingi. Kwa mfanyakazi wa kipato chetu, ile ya tairi na tyubu inatosha, na ina faida moja: mpira ukitoboka unautoa, unaubandika au unaununua mwingine, gamba linabaki.

Kagua zipu kwa makini. Ikikatika boya likiwa limejaa, mpira hutokeza kama utumbo na kupasuka. Kagua chini, pale boti inapoburutwa juu ya mawe. Kagua pia mahali fremu inapoegemea boya, kwa kuwa chuma kinachosugua ndicho kinachotoboa kabla ya mwiba wowote. Kipande cha mpira wa tairi kuukuu kikiwekwa hapo huongeza umri wa gamba.

Neno juu ya kubandika. Gundi ya viraka vya baiskeli ni ya mpira, na juu ya PVC haishiki vizuri. Kiraka kitaonekana kizuri nyumbani na kubanduka majini. Hakikisha boti inakuja na gundi yake ya PVC na vipande vya kitambaa kilekile, au tafuta gundi hiyo kabla ya kutoboka, si baada.

Na juu ya kujaza. Gurudumu la baiskeli hujazwa paundi 40 na zaidi kwa inchi ya mraba. Boya la aina hii huhitaji kama paundi 2 tu, na namba kamili huandikwa kwenye valvu au katika maelezo. Kwa hiyo usipeleke boti kwa fundi wa matairi akaijaza kwa kompresa ya gari. Sekunde chache zinatosha kuipasua mishono. Pampu ya mguu au ya mkono ndiyo yake.

Jua nalo ni pampu. Hewa ikipata joto hutaka kutanuka: kutoka nyuzi 20 za asubuhi hadi nyuzi 50 za boya jeusi lililoachwa juani, hutaka kuongezeka kwa sehemu moja katika kumi. Boya halina mahali pa kuongezeka hivyo, basi mbano unaweza kukaribia maradufu ya ule uliojaza. Ukitoka majini kula chakula cha mchana, weka boti kivulini au punguza upepo kidogo. Asubuhi kinyume chake hutokea: boti iliyojazwa nyumbani kwenye joto hulegea ikiguswa na maji baridi. Usiogope, ongeza upepo kidogo kabla ya kuondoka ukingoni.

FREMU NA MAKASIA

Wenzetu wa viwandani, na hasa wa karakana, wana faida hapa kuliko mwenye duka. Fremu ya chuma iliyopakwa rangi ni nafuu lakini huota kutu kwa ndani, ambako huioni. Igonge kwa kidole kote na usikilize. Alumini haioti kutu hiyo, ila huvunjika penye matundu na kona. Tazama viungo. Vinavyofungwa kwa boliti na nati hukazwa na kubadilishwa popote, bali vile vya vitufe vya springi hulegea, na kipuri chake hukipati Fort Portal.

Makasia ndiyo mahali watengenezaji wa bei nafuu wanapobana fedha. Mengi ni mabomba mawili yaliyounganishwa katikati, na kishikio cha kasia ni cha plastiki. Kikivunjika katikati ya ziwa, umebaki na kasia moja, nawe utazunguka kama ng'ombe wa kinu. Seremala yeyote anaweza kuchonga makasia ya mbao, na fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza vishikio vya chuma kwa saa moja. Hata fremu nzima yaweza kutengenezwa upya. Kwa hiyo, kama fedha ni chache, lipa kwa maboya mazuri na uvumilie fremu dhaifu, kamwe usifanye kinyume. Maboya hatuwezi kuyatengeneza karakana.

Mambo ya mifuko ya fimbo, mahali pa kikombe na kiti cha kuzunguka, hayo yapite. Injini ya umeme nayo ipite, kwa sasa. Betri yake peke yake huweza kuwa kilo 20 na zaidi, na tumeona katika hesabu nafasi iliyobaki.

BEI YA KWELI

Boti za bei nafuu huuzwa Marekani kwa mamia kadhaa ya dola, na zile nzuri huvuka dola 1,000 na kuendelea. Lakini bei uliyoiona katika simu ni bei ya kule. Ongeza usafiri, ongeza ushuru wa forodha, ongeza kodi ya ongezeko la thamani ambayo kwa Uganda ni asilimia 18, na ongeza nauli ya kuileta nyumbani. Muulize wakala bei ya kufika mkononi, iandikwe kwenye karatasi.

Kisha kuna vitu ambavyo havimo katika boksi. Jaketi la kuelea ni la kwanza, nalo linunuliwe kabla ya boti. Tunarudia: kabla ya boti. Asiye na fedha ya jaketi hana bado fedha ya boti, hata kama bei ya boti anayo. Liwe la uzito wako, livaliwe na kufungwa, si kukaliwa kama mto. Halafu pampu, gundi na viraka, kamba, kisu, filimbi ya kuitia msaada na leseni. Shauri letu ni hili: kwa kila shilingi 100 za boti iliyofika, tenga shilingi 40 za mambo hayo. Ukiwa na shilingi 100 tu, basi boti yako ni ya shilingi 70.

Wako wenye maduka wanaokubali kukopesha na kukata katika mshahara. Kabla ya kutia sahihi, jumlisha makato yote mpaka mwisho ulinganishe na bei ya taslimu. Mpelekee mwakilishi wa tawi karatasi hiyo aisome. Mkopo wa chama cha kuweka na kukopa mara nyingi huwa mwepesi zaidi, kwa kuwa riba yake unaijua na viongozi wake unawachagua.

Boti iliyotumika yaweza kuwa nafuu ya kweli, lakini usiinunue siku ile ile uliyoiona. Ijaze jioni kivulini, zungusha uzi kwenye kila boya na kuweka fundo pale unapokutana. Ukipima alfajiri utakuta pamelegea hata kama boya ni zima, kwa ajili ya baridi ya usiku. Kwa hiyo ngoja mpaka jioni ya pili, saa ile ile, ndipo upime. Uzi ukiwa umelegea, paka povu la sabuni kwenye valvu na mishono utafute vipovu. Valvu inayovuja si shida kubwa. Kitambaa kilichofifia rangi na kuwa kikavu, kinachotoa ufa kikikunjwa, kimeliwa na jua, wala hakuna gundi ya kukirudisha ujana.

MAJINI NA NYUMBANI

Siku ya kwanza jaribu karibu na ukingo, pamoja na mwenzako aliyebaki nchi kavu na kamba ndefu. Anza asubuhi mapema, rudi kabla ya upepo wa mchana. Ukienda, anza kwa kupiga makasia kuelekea upepo unakotoka, ili ukichoka upepo ukurudishe ulikoanzia.

Nanga ifungwe mbele au nyuma, si ubavuni, na fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Katika maji yanayotembea usitie nanga hata kidogo, kwa sababu mkondo huivuta boti chini upande uliofungwa. Kisu kiwe mahali mkono unapofika bila kutafuta.

Samaki wenyewe ni adui wa boya. Ngege, ambaye wenzetu wa Tanzania humwita sato, ana miiba mgongoni, na kambare ana miiba pembeni mwa kichwa. Samaki aingie katika ndoo au kikapu kigumu, asiachwe arukeruke juu ya maboya. Ndoana zikae ndani ya kopo.

Nyumbani, kausha kabla ya kukunja, uhifadhi mbali na jua. Kisha kuna panya. Gamba lenye harufu ya samaki ni karamu kwao, nao hutafuna penye mikunjo, hivi kwamba tundu moja huwa matundu sita. Osha kwa sabuni na utundike darini kwa kamba.

Watu wanne au watano wanaweza kununua boti moja kwa pamoja, wakaitumia kwa zamu. Ni jambo jema, lakini liandikwe: zamu ni ya nani, anayetoboa analipa nini, nani anatunza jaketi, na mmoja akihamishwa au kuachishwa kazi atarudishiwa kiasi gani. Na hesabu ya uzito ifanywe kwa yule mzito kuliko wote.

ZOEZI LA TAWI

Mwenzetu mmoja mwenye kilo 82 ameonyeshwa boti iliyotumika. Boya lina urefu wa mita 2.4 na mzingo wa sentimita 110. Boti ina kilo 28. Jaketi, nanga, chakula na vifaa ni kilo 12. Toa nusu mita ya ncha, tafuta lita za maboya mawili, kisha theluthi yake. Sisi tumepata kilo 122. Jumlisheni mizigo yake mwone amebakiwa na kilo ngapi za samaki, kisha mwambieni kabla hajalipa.